Kifuo cha Mkunazi

Hebu waza uwanja wa nyumba, saa sita ya mchana. Jua limesimama utosini na kila kivuli kimejificha chini ya miguu ya mwenyewe. Makumbi yamelundikwa upande mmoja, nazi zilizofuliwa upande wa pili, na katikati kimesimama kifuo, ule mti uliochongwa ncha kali na kuchimbiwa ardhini, ambao mfuaji huikita nazi juu yake na kuisokota mpaka kumbi lipasuke. Kuku wamelala. Hakuna mtu. Sasa tega sikio.

Kra. Kra. Kraaa. Kisha kimya.

Mtu anafua nazi. Lakini nimekwambia hakuna mtu uwanjani.

Arafa aliisikia sauti hiyo mara ya kwanza akiwa jikoni kwake, Ndagoni, kisiwani Mafia, mwaka wa pili tangu vita vya Bama, vile vita vikuu vya pili, kwisha, Mwingereza angali anatawala. Mwanawe Somoe, mtoto wa miezi mitano, alikuwa amelala mkekani. Arafa alidhani mumewe amerudi mapema.

"Baba Somoe, chakula bado!" akapaza sauti.

Hakujibiwa. Alipotoka alikuta kifuo peke yake, na ncha yake inadondoka maji, kana kwamba nazi imepasukia pale sasa hivi.

Shaabani, mumewe, alipokuja na kuelezwa alicheka mpaka akakaa chini. "Nazi zinajifua zenyewe? Basi kesho nalala. Zikiisha, uniamshe."

"Kifuo hiki kipya umekitoa wapi?"

"Porini."

"Pori gani, Baba Somoe?"

Shaabani akachokonoa meno kwa kijiti, akatazama pembeni. "Kule Kisimani, penye makaburi ya kale. Kuna mkunazi umeota juu ya kaburi moja. Mti mgumu kama chuma! Kile cha zamani kimeoza, na Bwana Awadh anataka nazi za shamba lake ziwe zimefuliwa kabla mwezi haujaandama."

Arafa akaweka chini kisu alichokuwa nacho. Ndagoni hata mtoto anajua kwamba pale hapakatwi mti kabla ya kufukiza ubani na kuomba ruhusa. Na mkunazi ndio mti ambao majani yake hutiwa katika maji ya kuoshea maiti.

"Uliomba ruhusa?"

"Nilisema bismillahi."

"Nimekuuliza, uliomba?"

"Nilikuwa na haraka," akasema Shaabani, akainuka kwenda kunawa.

Siku ya nne yake alikuwa anafua kama kawaida. Mfuaji huinua nazi kwa mikono miwili na kuishusha juu ya ncha kwa uzito wa kifua chake chote, na ugumu wa nazi ndio unaomzuia asiende nayo. Nazi aliyoiokota mchana ule ilikuwa imeoza, kumbi na kifuu. Ikapasuka kama yai. Mikono ikapita, kifua kikapita, na kichwa kikafuata.

Arafa alimkuta ameketi, miguu ameinyoosha, damu inamshuka puani, naye anatabasamu kwa haya kama mtu aliyeteleza mbele ya wageni.

"Si kitu, Mama Somoe. Kimenikwaruza tu."

Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Na kifuo kilikuwa hakina ncha.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka zahanati ya Kilindoni, wanaume wakipokezana mabega. Arafa alitembea nyuma na mtoto mgongoni, pamoja na mama mkwe wake, Bimkubwa, ambaye hakuacha kusoma dua njia nzima. Zahanati haikuwa na daktari. Ilikuwa na Dresa Azizi, mfunga vidonda, mtu mwembamba mwenye masihara, aliyekwenda Bama na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na kukaa miaka miwili hemani, akiwashikia taa madaktari waliotibu vichwa vilivyopigwa risasi na vipande vya mabomu.

"Shikamoo, dresa," akasema Arafa.

"Marahaba, mama. Nani kampiga?"

"Kifuo."

"Kifuo hakipigi mtu, mama. Mtu ndiye anayekifuata." Shaabani akacheka pale kitandani. Dresa naye akacheka, akainama kulitazama tundu, na kicheko chake kikaishia hapo.

"Nakitaka hicho kifuo," akasema. "Mtu aende akakichimbue aniletee."

"Mwanangu anavuja damu, wewe unataka gogo?" akafoka Bimkubwa.

"Nataka kujua kimepungua kiasi gani, mama yangu. Kichwa kikitobolewa, tundu lenyewe si adui mkubwa. Adui ni kile kilichoingia pamoja nalo: unywele, uchafu, kipande cha mfupa, kijiti. Kikibaki ndani kinaleta usaha, na ubongo hauna pa kukimbilia."

Akaosha mikono yake mpaka viwikoni kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, akaiosha muda mrefu hata Bimkubwa akauliza kama anakusudia kuoga. Akanyoa nywele. Akalisafisha tundu kwa maji ya chumvi, akakata ngozi iliyopondeka ukingoni, kisha kwa koleo dogo akaanza kutoa. Zilitoka nywele. Zilitoka nyuzi za makumbi. Vilitoka vipande vya mfupa vyembamba kama maganda ya yai, na vibanzi vya mti, kimoja kimoja, akivipanga kwenye sahani nyeupe. Kifuo kilipoletwa, alivipachika vile vibanzi juu yake kama mtu anayeunga kikombe kilichovunjika. Vyote vilipata mahali pake. Pale kwenye ncha kabisa ndipo palipobaki pengo, la ukubwa wa punje ya mpunga.

"Bado kimoja," akasema.

"Kitoe," akanong'ona Arafa.

"Sikioni wala sikifikii. Ubongo si mfuko, mama, niingize kidole nipapase. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye vyombo vyake. Nampelekea habari bara leo hii. Chombo chake cha baharini kitafika siku ya nane."

Hakulishona tundu. Alinyunyiza unga mweupe wa salfa, akatia utambi wa shashi, kitambaa chepesi cha vidonda, iliyochemshwa, akaacha ncha ya utambi ining'inie nje. Kisha akamgeukia Arafa, akasema naye taratibu.

"Tundu hili libaki wazi. Usaha ukipata njia ya kutoka, tuna matumaini. Ukifungiwa, utakwenda ndani. Jambo la pili ni mikono yako. Kabla hujamgusa, nawa. Ukishamgusa, nawa. Sabuni na maji ya moto. Haya, niambie nimesema nini."

Arafa akayarudia yote, neno kwa neno.

Siku mbili Shaabani alikula, akaongea, akamchezea mwanawe. Siku ya tatu homa ikapanda, na ilipofika saa sita ya mchana Arafa akasikia harufu. Kwanza ilikuwa harufu ya makumbi mabichi yanayoungua. Kisha chini yake ikaja ya pili, tamu na baridi, harufu ya kafuri anayopakwa maiti. Akaangaza huku na huku, kisha akainamia kitanda, na ndipo aliposikia, kutoka ndani ya bandeji, sauti ndogo kama ya kucha inayokwangua kifuu.

Kra. Kra. Kraaa.

Shaabani akafumbua macho. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imepanuka mpaka jicho zima likawa jeusi.

"Mmeukata mlango wa nyumba yangu kule Kisimani," akasema, na sauti ile haikuwa yake, ilikuwa kavu kama mti unaosuguana na mti. "Nami nimepata nyumba nyingine. Wewe mwanamke. Mumeo akitaka maji, hukuitaje?"

Wagonjwa watatu waliokuwa mle chumbani walikwisha kuruka vitanda na kukimbilia nje, mmoja akiburuta mguu wake uliofungwa, na Arafa alitaka kukimbia nao lakini macho yale yalimtazama bila kupepesa, na harufu ya kafuri ikamjaa kooni mpaka akahisi kwamba asipojibu hatapata pumzi nyingine, basi akafungua kinywa akajibu, "Huniita Mama Somoe."

"Mama Somoe," ile sauti ikarudia polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Ma-ma So-mo-e."

Bimkubwa hakutaka kusikia tena habari ya zahanati. Saa ile ile aliwaita wabebaji.

"Homa ya kichwa humfanya mtu apayuke, mama yangu," Dresa Azizi akamsihi.

"Homa inayajua makaburi ya Kisimani?"

"Mimi sijui mambo ya majini," akasema Dresa. "Lakini hata kama ni jini, mkimfungia atatokea wapi?" Akampa Arafa furushi la shashi na mche wa sabuni. "Siku tano tu, mama. Liache wazi siku tano tu."

Ndagoni aliitwa Mwalimu Shamte, aliyekuwa akitibu watu wenye majini. Alikuwa mzee mpole, na alifanya kazi yake kwa uaminifu wote. Alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akazunguka nyumba mara saba. Mwisho akasema jini yuko nje, anaizunguka nyumba, anatafuta pa kuingilia kwa mara ya pili. Yafungwe madirisha. Mgonjwa azibwe masikio kwa pamba. Na lile tundu la kichwa lizibwe kwa nta iliyochanganywa na ubani. Akaacha donge la nta rafuni.

"Halizibwi," akasema Arafa.

"Unasemaje?" Bimkubwa akamgeukia.

"Nisamehe, mama. Dresa amesema libaki wazi."

"Dresa ndiye aliyemzaa?"

"Hakumzaa. Lakini nimemwona alivyovitoa vibanzi kwa mkono usiotetemeka. Niachie mume wangu, mama. Nikikosea, nilaani."

Bimkubwa akamtazama sana, kisha akaketi, akajifunika kanga, akalia.

Siku mbili Arafa alisimama baina ya mumewe na watu wote. Alichemsha maji, akanawa, akabadili utambi, akanawa tena. Usaha ulitoka, wa manjano na wenye kunuka, naye akaufurahia kama mtu anayeona mvua, kwa kuwa kila tone lililotoka nje lilikuwa tone ambalo halikwenda ndani. Homa ikashuka kidogo. Ila kila mchana, jua lilipofika utosini, sauti ilisikika uwanjani, kra, kra, kraaa, ingawa kifuo kilibaki Kilindoni na uwanjani hapakuwa na kitu ila shimo lake.

Siku ya sita, saa sita, Bimkubwa alikuwa amepitiwa na usingizi juu ya mswala. Arafa alikuwa peke yake kando ya kitanda.

"Mama Somoe."

Akashtuka. Ilikuwa sauti ya Shaabani. Ilikuwa yake hasa, na ule mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi, sauti aliyokuwa hajaisikia tangu siku ya tatu.

"Baba Somoe! Umeamka?"

"Upepo unaniingia kichwani, Mama Somoe. Kuna mtu amesimama hapa mlangoni. Anataka kuingia. Nizibe."

"Dresa amekataza. Bado siku mbili tu, vumilia..."

"Dresa haoni ninachokiona mimi. Ameshatia mkono. Namsikia anavyopapasa." Machozi yakamtiririka Shaabani mashavuni, na midomo ikamtetemeka kama ya mtoto. "Haraka, mke wangu. Haraka. Unaniachia nani?"

Na Arafa, ambaye alimshinda Bimkubwa na kumshinda Mwalimu Shamte na kuwashinda majirani waliomwita mkaidi, hakuweza kulishinda jina lile kwa sauti ile, basi akainuka bila kunawa, kwa sababu maji yalikuwa jikoni na jikoni palikuwa mbali kuliko alivyoweza kumwacha, akalichukua donge la nta rafuni, akalilainisha viganjani, akauchomoa utambi, akaibandika nta juu ya tundu na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawa na ngozi, na wakati anakandamiza, kitu kilichokuwa ndani kikamchoma kidole.

Akaurudisha mkono haraka. Palikuwa na tone moja la damu.

Uwanjani kukawa kimya. Harufu ikatoweka. Shaabani akalala usingizi mzito, na jioni homa ilikuwa imekwisha kabisa. Akanywa uji bakuli zima. Bimkubwa akalia kwa furaha, akambusu mkwewe mikono yote miwili. "Mwanangu," akamwambia, "umemwokoa."

Jioni ile Arafa alimpakata mwanawe kama kila jioni, akachovya kidole gumba katika mafuta ya nazi, akampaka utosini, pale mahali laini ambapo mfupa wa mtoto haujafunga na ngozi hupanda na kushuka. Alikuwa akiimba.

Siku ya saba, saa sita, Shaabani akafumbua macho. Yote mawili yalikuwa meusi. Akasema kwa sauti ya mume wa Arafa, kwa upole ule ule wa mumewe:

"Ahsante, Arafa."

Shaabani hakuwa amemwita jina hilo tangu mtoto azaliwe.

"Nilikuwa nakaa nyumba isiyo na mlango. Jua linaingia, kitambaa kinaingia, maji ya chumvi yanaingia. Sasa umenifungia. Sasa nitatandika."

Kisha shingo yake ikaanza kupinda nyuma, polepole, kama kuna mtu anayemvuta kisogo, na mgongo ukafuata, na meno yakasagana mpaka Bimkubwa akaziba masikio yake, na Arafa akairukia ile nta kuibandua kwa kucha, lakini nta ilikuwa imekauka kama mfupa na haikubanduka, akaikwangua kwa kisu, akaimwagia maji ya moto, akamwita Mwenyezi Mungu na kumwita Dresa na kumwita Shaabani mwenyewe, na jibu alilolipata mchana kutwa na usiku kucha lilikuwa moja, kutoka nyuma ya nta ile: kra, kra, kraaa.

Chombo cha daktari kilifika siku ya nane, kama kilivyoahidiwa. Daktari Mzungu na Dresa Azizi walifika Ndagoni kwa miguu kabla ya adhuhuri. Dresa alipoiona nta alinawa mikono, akaibandua kwa kisu cha daktari. Kilichotoka sitakueleza. Daktari aligeuza uso. Harufu ya kafuri ilijaa nyumba nzima. Shaabani akavuta pumzi moja ndefu, na hakuvuta nyingine.

Katika ule usaha, Dresa akakiokota kibanzi cha mwisho. Akakisafisha, akakiweka kiganjani, akamwonyesha Arafa. Hakikuwa tena na ukubwa wa punje ya mpunga. Kilikuwa kimekua. Kilikuwa na jani moja dogo, bichi, linalong'aa, na kando ya jani mwiba.

"Miiba ya mkunazi huota miwili miwili," akasema Dresa kwa sauti ya chini. "Mmoja umenyooka, mmoja umepinda. Hapa pana uliopinda tu. Huu mwingine umevunjika. Uliziba kwa mkono gani, mama?"

Arafa akainua mkono wa kulia. Katika kidole gumba palikuwa na doa jeusi.

"Ulinawa?"

Arafa akakifumbata kidole.

"Ulipomaliza, uligusa nini?"

Arafa akageuza uso wake taratibu kuelekea mkekani, alipolala Somoe.

Shaabani alizikwa alasiri ile. Mwalimu Shamte akarudi kuisafisha nyumba, akasoma siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaondoka bila kuaga, akakiacha chetezo chake kikifuka moshi mlangoni. Dresa Azizi alikuja kila Ijumaa. Alimpima mtoto joto, akamtazama macho, akaubonyeza utosi kwa ncha ya kidole, akanawa, akaondoka. Masihara yalikuwa yamemwisha. Arafa alikaa eda ndani, akinawa mikono tangu alfajiri mpaka usiku, mpaka ngozi ikamtoka. Somoe alinyonya, akanenepa, akaota meno mawili. Wala hakuwa na homa.

Siku ya mwisho ya eda Arafa alikuwa amempakata mwanawe, jua limesimama utosini. Ndani hapakuwa na mtu mwingine ila Bimkubwa, ambaye naye, kama mwanawe, alimwita Mama Somoe. Arafa aliinamisha macho akaona utosi wa mtoto unavyokwenda. Ulipanda mara tatu, mara ya tatu kwa muda mrefu. Ukatulia. Ukapanda tena mara tatu.

Mtoto akainua uso. Alikuwa bado hajatamka neno lolote, wala mama, wala baba. Akatabasamu kwa yale meno mawili.

"Arafa," akasema.

Mimi sina dawa ya kukupa, wala sijui kikatwe nini na kifukizwe nini, kwa maana nyumba ile imekwisha kufungwa na njia yake imeota majani. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, dogo, unaloliweza hata leo jioni: kabla hujamgusa mtoto utosini, nawa mikono.